Dawa Walizomletea Mama

Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kumvunja mtu moyo. Ukimletea kitu atakipokea kwa mikono miwili, na kama ni cha kutia mdomoni atakitia mbele ya macho yako, ili uondoke umeridhika. Ukimpa embe lililooza upande, atakula upande mzima na kusema tamu. Watu wa pwani wengi wako hivyo, lakini yeye alizidi. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo haya mengine hayaeleweki, na mtu anaweza kusoma akadhani tulikuwa watu wa ovyo. Labda tulikuwa. Nitaandika nilivyoona, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Tulikuwa tunakaa Manzese, kwa ndani, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti. Nyumba ni ya mama mwenyewe, aliachiwa na marehemu mumewe. Chumba kimoja alilala yeye, cha pili mie na mume wangu na watoto, vilivyobaki wapangaji. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kumaliza mwezi yuko njia ya Tunduma. Kwa hiyo mama alipougua, mtu wa kumsogezea maji alikuwa mie mkaza mwana.

Yalianza kama mafua ya kila mtu. Ilikuwa ile miezi ya katikati ya mwaka ambayo Dar inapata kibaridi asubuhi, nyumba nzima ikawa inapiga chafya. Watoto walipona wakarudi shule. Mama yakamng'ang'ania. Pua imeziba, kichwa, viungo, jioni homa inapanda. Na chakula hataki. Uji anakunywa vijiko viwili vitatu, anasukuma bakuli, anasema mdomo mchungu. Hilo la kutokula nililiona dogo wakati ule. Mgonjwa gani wa mafua anakula?

Nikaenda duka la dawa pale barabarani. Anayeuza ni dada mmoja tunayemwita dokta, ingawa mwenyewe anakataa, anasema kasomea kuuza dawa tu, si kutibu. Nataka nimtendee haki huyu dada, kwa sababu baadaye watu walimsema. Aliniuliza mgonjwa ni mtu wa umri gani. Akaniuliza kama ana presha. Akaniuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Nikamjibu, mtu mzima, presha anayo, dawa nyingine ni ile ya presha tu. Na wakati nasema, ilikuwa kweli.

"Basi za kuzibua pua simpi," akasema. "Zinapandisha presha. Mpe hizi za homa na maumivu. Anywe maji, ajilazimishe kula. Siku mbili tatu asipopata nafuu usirudi kwangu, mpeleke hospitali."

Akachukua mkasi akakata. Huku kwetu dawa hainunuliwi boksi zima, unanunua za kukutosha. Mkasi unapita popote unapopita, na jina la dawa linabaki dukani kwenye kipande kingine. Vidonge vikaingia kwenye bahasha ya kaki, juu akaandika 2x3. Namba hiyo hata mimi wa darasa la saba naisoma bila wasiwasi, viwili mara tatu kwa siku. Jina la kilichomo ndani hatukuwa na desturi ya kuliuliza. Tulikuwa tunauliza inatibu nini.

Kisha habari ikasambaa kwamba mama anaumwa, na watu wakaanza kuja kumwona.

Wa kwanza alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Bunju, anakaanga samaki. Alisikika kabla hajaonekana.

"Hodi humu ndani! Wifi, mgonjwa unamuuguza au unamfuga? Mbona chumba kina joto kama banda la vifaranga?"

"Karibu wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo yenyewe ningeletewa na chai ningeisikia vizuri."

Alikuja na machungwa, na ndani ya pochi alikuwa na kipande cha vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu nusu njano. Akasema hivyo ndivyo vilivyomsimamisha yeye. Mafua yalimlaza kama gunia, akavimeza, kesho yake akaamka akaenda feri kufuata samaki. Mama akaomba maji. Akameza kimoja pale pale, wifi akiangalia, kisha kingine, maana wifi alisema yeye alikuwa anameza viwili viwili.

Nikasema, "Mama, lakini si umeshameza zile za asubuhi?"

"Zile za homa, mwanangu. Hizi za mafua," akasema. "Homa mbali, mafua mbali."

Wifi akaitikia kwa kichwa. Na mie nikaona ni kweli. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mpaka leo ningeweza kumuuliza mtu yeyote uani kwetu angejibu vilevile. Kichwa kina dawa yake, kikohozi kina yake, mgongo una yake, na mwenye maumivu manne ana haki ya dawa nne.

Wifi alipoondoka, mama aliniambia, "Mtoto katoka Bunju kote huko, nimrudishe na dawa yake?"

Wa pili alikuwa mtani wake. Ni mzee mmoja wa kusini, mchonga vinyago, alipanga nyumba ya jirani miaka mingi, na wao wawili hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Bibi, bado upo? Mie nimekuja kupima kitanda kama kitaingia kwangu."

"Kitanda nimeshamuusia paka," mama akamjibu, sauti imekauka. "Wewe utapata kile chombo cha chini ya kitanda."

Chumba kizima kikacheka. Mzee akatoa mfukoni boksi dogo, vidonge anavyotumia mgongo ukimkamata kwa sababu ya kuinama kwenye kinyago. Akamhesabia vichache kwenye kipande cha gazeti. Kiboko ya viungo, akasema. Mama akameza kimoja.

"Nikifa mjue mtani ndiye kaniua."

"Nikuue halafu nitukanwe na nani?"

Mie nadhani nilicheka kuliko wote.

Wa tatu alikuwa mdogo wake mama, ambaye hufua nguo kwenye nyumba za watu Mikocheni. Yeye hakuleta vidonge. Alileta pakiti za unga ambazo bosi wake alimpa, zimetoka nje, unamimina kwenye kikombe cha maji ya moto inakuwa kama chai ya ndimu. Chumba kikanukia vizuri. Watoto wakaomba waonje, nikawanyima, si kwa sababu nilijua kitu, niliona ni chache. Mama aliipenda ile. Ilikuwa ndicho kitu pekee kinachopita kooni bila kumsumbua. Akawa anaomba, "Nitengenezee ile chai yangu," na mie namtengenezea, asubuhi, mchana, jioni, na akiamka akihisi baridi. Ile hatukuihesabu kuwa dawa. Ilikuwa kinywaji.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Bahasha ya kaki viwili mara tatu. Vya rangi mbili, viwili viwili. Cha mtani viungo vikiuma. Na chai. Chakula hakuna. Na kila mgeni aliporudi kuuliza, "Umetumia ile niliyokuletea?" mama alisema ndiyo, na alikuwa hasemi uongo.

Homa ilishuka. Hilo lazima niliseme pia. Ilishuka na sote tukafurahi, wifi akapiga simu kwamba unaona, nilikwambia. Mama akakaa uani juani, akamtukana mtani kupitia ukutani. Tukasema amepona, amalizie dozi.

Halafu akaanza kutapika. Akashika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, akasema panavuta. Nikadhani ni njaa. Akawa analala. Unamwamsha anaitikia, unageuka amelala tena. Kila niliyemwambia alinijibu neno moja, dawa za mafua zinalaza. Na ni kweli zinalaza, hata mie zimeshanilaza. Wifi akasema kwenye simu, "Mwache apumzike, mwili unajirudishia." Mume wangu akapiga kutoka njiani akasema pengine ni malaria. Nikampeleka zahanati ya jirani, damu haikuwa na malaria. Wakaniambia akiendelea hivi nimpeleke hospitali kubwa. Tulipofika nyumbani mwili ulikuwa wa moto kidogo, nikampa viwili vya bahasha.

Asubuhi iliyofuata nikiwa namfuta uso kwa kitambaa, akafungua macho. Yalikuwa ya njano, njano ya manjano ya mchuzi. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akaniuliza kama nimeshafunga mbuzi.

Nilichukua bajaji. Kabla ya kutoka niliingiza mkono chini ya mto wake, nikazoa kila kilichokuwepo, bahasha, vipande, gazeti la mtani, nikavitia kwenye mfuko. Sijui akili hiyo niliipata wapi. Nadhani niliogopa kuulizwa.

Daktari aliyetupokea hospitali alikuwa binti mdogo kwa umri, amechoka, lakini mwenye adabu. Alimpima, akachukua damu, majibu yalipotoka akaniita pembeni.

"Mama, ini lake limeumia sana. Amemeza nini?"

"Dawa za mafua."

"Zipi?"

Nikamwaga mfuko mezani. Akavigeuza vipande kimoja kimoja. Vyote vimekatwa. Kwenye vile vyeupe vya bahasha zilibaki herufi za mwisho, akazisoma akasema hivi navijua. Vya rangi mbili akavitazama sana. Akasema rangi hizo viwanda vingi vinatumia, hawezi kubahatisha.

"Aliyeleta hivi ni nani?"

"Wifi yangu."

"Mpigie. Nataka jina, na alikuwa anameza vingapi. Kuna dawa ya dripu ya kupambana na sumu ya hizi, hapa hatuna, inabidi niiombe kwingine, na wataniuliza amekula kiasi gani. Mwambie si habari ya polisi. Ni habari ya dripu."

Nikatoka kwenye korido nikapiga. Nilimweleza wifi kila kitu, kwamba mama kalazwa, macho ni njano, na daktari anataka jina la vile vidonge vyake.

Akasema, "Mie nilileta machungwa."

"Wifi, vile vya rangi mbili."

"Vya rangi mbili nilivikuta hapo. Usiniingize, wifi yangu. Mdogo wangu, mumeo, akisikia atasema nimemlisha mama yangu sumu. Nilileta machungwa, na wewe mwenyewe uliyamenya."

Akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia, "Anasema si vyake." Sikusema anadanganya. Nilijua ameleta yeye, lakini kujua hilo kulikuwa hakumpi daktari jina. Na nilikuwa nimesikia sauti yake. Ile ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo, mama yake yuko ndani. Ningekuwa yeye ningesema nini? Nimejiuliza mara nyingi, na sipati jibu la kunisifu.

Mtani alifika jioni ile ile, bila kuitwa, kofia mkononi na boksi lake. Alimpa daktari akasema, "Mimi nimempa hizi. Kimoja alimeza mbele yangu, vingine nilimwachia." Hakutania. Daktari akasoma ubavuni mwa boksi akaandika. Mdogo wake mama nilimtafuta pia kwa ajili ya ile chai, simu yake ilikuwa haina chaji, tulimpata kesho yake. Daktari alisema anaanza kuiomba ile dripu kwa maelezo aliyonayo.

Asubuhi wifi akaja. Alikuwa amepanda basi la kwanza, nguo zinanuka mafuta ya samaki, hajalala. Hakunisalimia. Akafungua pochi, akatoa kipande kingine cha vile vidonge, hiki hakijakatwa upande wa jina, akanipa bila kunitazama. Nikampelekea daktari. Wakati huo na pakiti za unga zilikuwa zimefika. Daktari akavipanga mezani, akachukua kalamu, akazungushia duara maandishi madogo kwenye kila kimoja, yale ambayo mtu hasomi.

"Ona, mama. Juu kila moja ina jina lake. Hapa chini ni kitu kimoja. Parasetamo. Kwenye vya homa ipo, kwenye vya mafua ipo, kwenye vya mgongo ipo imechanganywa na nyingine, na kwenye huu unga ipo, tena nyingi. Mtu mzima mwenye afya ana kiwango chake kwa siku, akivuka ini linaanza kufa. Bibi huyu hali, mwili umedhoofu, kiwango chake kilikuwa kidogo zaidi. Mlimpa dawa moja mara nne."

"Lakini ni dawa ya kawaida," nikasema. "Inauzwa hata dukani kwa mangi."

"Ni nzuri. Hata mimi natumia. Mbaya ni kutojua kwamba umeshaimeza." Halafu akaongeza, "Na hivi vya rangi mbili vina ya kuzibua pua. Mtu wa presha havimfai."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Dripu ililetwa, akawekewa. Siku hiyo alifungua macho mara moja akaomba maji, nikamlowesha midomo kwa pamba. Baada ya hapo hakuzungumza. Mume wangu alikuwa ameacha lori Makambako akapanda basi. Alimkuta anapumua, hakumkuta anasikia. Mama alifariki mchana, muuguzi akiwa anabadilisha shuka, mie nimeshika upande mmoja wa shuka kumsaidia.

Tulimzika baada ya alasiri siku ya pili. Mume wangu aliulizwa na watu mama alikuwa anasumbuliwa na nini, akajibu alichoandikiwa, ini. Hakujua ameachia nini. Wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tunaosha sufuria za msiba, na neno lilifika kwetu haraka. Jirani mmoja, ambaye si mtu mbaya, akamwinamia mwenzake.

"Ini? Kwani bibi alikuwa anapata kitu?"

"Shii! Watu wa zamani hao, huwezi kujua. Miaka ile ya tembo la mnazi."

Mama hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa akisikia harufu yake kwa mpangaji anafukiza udi. Nilikuwa na sufuria mkononi, na maneno yote mdomoni. Lakini kuyasema ni kusema nani alileta nini, na mmoja wa walioleta alikuwa ameinama hatua chache kutoka kwangu akisugua masizi. Ningemwosha mama kwa kumpaka matope binti yake. Nikanyamaza. Kunyamaza kwenyewe nako hakukuwa haki, najua. Marehemu hawezi kujitetea.

Wifi ndiye aliyesimama. Mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko.

"Mama yangu hakunywa pombe," akasema, si kwa kelele. "Tulimnywesha dawa. Mafua. Kila mtu kaleta ya kwake, zote zilikuwa kitu kimoja, hatukujua. Na mie nilileta. Za rangi mbili. Nikamwambia ameze viwili." Akajipangusa majivu. "Atakayesema pombe tena aje aniambie mie."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, mtu akaenda akayafunga. Jirani yule alianza kulia, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Mwanawe ana mafua nyumbani, asubuhi kampa kidonge na dawa ya maji kutoka maduka mawili. Akavua khanga ya kiunoni akajifunika kichwa, akatoka mbio kwenda kwake.

Wifi akakaa tena kwenye kigoda. Nikamsogezea sufuria yangu kwa kuwa ya kwake ilikuwa imekwisha kusuguliwa, tukawa tunasugua pamoja, yeye ndani mie nje.

Tangu hapo anakuja Manzese kama zamani, ananisema kama zamani, chai yangu haina tangawizi, watoto wangu wamekonda. Neno moja tu hatujaligusa. Kati ya ile simu yangu ya hospitali na yeye kunipa kile kipande, zilipita jioni moja na usiku. Labda boksi la mtani lilimtosha daktari, na hata kama wifi angelitaja jina pale pale, ini lilikuwa limeshakwisha. Labda sivyo. Yule daktari nilimwona tena nilipokwenda kuchukua cheti cha kifo, alikuwa peke yake, alinisalimia vizuri, na ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza. Wifi naye hajawahi kuniuliza kama niliuliza.